Jumamosi Haimo Kwenye Mahari

"Dame, shika simu. Hawa watu wamekataa kupanda basi."

Huo ulikuwa ujumbe wa kwanza wa Dancan, mchumba wangu. Niliusoma nikiwa nimeficha simu chini ya Biblia, mhubiri akiwa katikati ya Isaya. Wa pili uliingia kabla sijaumeza wa kwanza.

"Babe, please. Wamesimama nje ya hoteli hapa Al Jaddaf wananitazama kama mwizi. Njoo."

Kisha wa tatu.

"Mzee Amour yuko njiani. Nimekwisha."

Nikamnong'oneza Carolyne, rafiki yangu, tuliyekuwa tumekaa naye bega kwa bega.

"Wageni gani hao? Si aliniambia wameahirisha?"

"Wale Wayahudi wako?"

"Ndio. Nilikuwa niwatembeze kesho Jumapili. Dancan aliniambia juzi wamefuta safari."

Carolyne akafunga kitabu chake cha nyimbo taratibu. "Basi wamefuta safari wakaja. Dame, huyo mwanaume anakupikia kitu."

"Nitaenda nionje."

"Subiri ibada iishe."

"Nitasubiri. Simfanyii mtu kazi siku ya Sabato. Naenda kuuliza swali tu."

Niwaeleze kidogo. Mimi ni Damaris Moraa, mtu wa Nyamira, Msabato tangu tumboni mwa mama. Dubai nilikuja kuwa askari wa mlangoni. Nililala Al Qusais, kitanda cha juu, wasichana tumepangwa kama magunia ya mahindi. Kampuni ile ilitunyima siku ya kupumzika kiangazi kizima, lami ikiyeyuka chini ya viatu, na meneja wao akatuambia tushukuru Mungu tuna kazi. Watu husema yaliyopita si ndwele. Mimi hiyo methali sikuitia sahihi. Nakumbuka sura yake, nakumbuka rangi ya tai yake. Mimi ndiye niliyesimama mbele yake nikamwambia kila msichana atapata siku moja, na yangu itakuwa Jumamosi. Wenzangu walipata siku zao. Mimi nikaambiwa Jumamosi nitafute mtu wa kunishikia zamu au nifungashe virago.

Mtu aliyejitokeza ni Dancan. Kijana wa Machakos, askari wa lango la pili, mcheshi. Aliniambia, "Wewe nenda kaimbe. Jua nitalibeba mimi." Akalibeba, Jumamosi baada ya Jumamosi, bila kuniomba hata soda. Sasa niambieni, mwanaume kama huyo utamwachaje?

Baadaye sote wawili tuliajiriwa na Mzee Amour, mwenye kampuni ya kutembeza watalii. Mama yake Mzee Amour alizaliwa Unguja, kwa hiyo ofisini kwetu Kiswahili kilitawala. Dancan alipewa meza ya kupanga safari. Mimi nikawa mtembezaji wa mitaa ya kale. Utalii sikusomea popote. Nilisoma mwenyewe pale kitandani Al Qusais, tochi ya simu mdomoni.

Mwanzo wa 2019 akaandika mama mmoja kutoka London, Mama Estelle. Alitaka kujua kama kuna mtu wa kumtembeza yeye na watoto wake wauone Uyahudi wa Dubai, kama upo. Ofisi nzima ilicheka.

"Wayahudi Dubai? Labda kwenye filamu," Dancan alisema.

Mimi sikucheka. Serikali ilikuwa imeuita mwaka ule mwaka wa uvumilivu, neno lenyewe limebandikwa kila ukuta, na Mzee Amour alishanusa biashara. Majira yote ya baridi nikawa natafuta, nauliza wazee sokoni, nasoma habari za lulu. Nikaitengeneza ile safari hatua kwa hatua. Nikaiweka Jumapili kwa sababu Jumamosi mimi nasali na wao pia wanasali. Mtoto wa Shule ya Sabato anaijua hiyo.

Ibada ilipokwisha nikachukua metro Oud Metha hadi Al Jaddaf. Nikawakuta hotelini upande wa bustani. Basi la kampuni limeegeshwa, Onesmus dereva amelala juu ya usukani. Dancan ana rundo la vipaza sauti vya kuning'iniza shingoni, jasho linamtiririka ingawa hakukuwa na joto. Kwenye benchi amekaa bibi wa Kizungu, kofia pana, mikono mapajani, ametulia tuli.

Dancan akanikimbilia.

"Asante Mungu. Babe, waambie tu wapande. Ni dakika chache mpaka Al Fahidi."

"Uliniambia wameahirisha."

"Tutaongea hayo baadaye."

"Tunayaongea sasa. Kwa nini wako hapa na basi Jumamosi?"

"Basi Jumapili lina kundi kubwa la Mzee. Nikawasogeza. Niliwatumia ujumbe jana."

"Jana saa ngapi?"

"Jioni, jua likizama. Kwani nini?"

Nilimtazama mwanaume huyu aliyenibebea jua, nikashindwa hata kukasirika kwa mpangilio.

"Dancan. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama. Yangu na yao. Umewatumia ujumbe dakika ile ile walipozima simu."

Yule bibi akainua kichwa. Akaongea Kiswahili, nami nikakijua mara moja kimetoka wapi.

"Wewe ndiyo Damaris? Kuja hapa. Mimi naambia hii kijana, leo gari hapana. Tiketi hapana, hii kamba ya shingo hapana. Yeye naona mimi kama mgonjwa."

"Shikamoo, Mama Estelle. Kiswahili umekipata wapi?"

"Nakuru. Baba yangu iko na duka ya vitambaa. Mimi naishi huko mpaka naolewa. Hii lugha mimi natoa jikoni."

"Nasikia. Hicho ndicho Wazungu walichokuwa wanamsemesha babu yangu kwenye mashamba ya chai Kericho. Aliitwa boi mpaka mvi zikamjaa."

Dancan akanikanyaga mguu. Nikauondoa.

Bibi hakugeuza uso. "Yeye naitwa nani? Jina ya kweli."

"Nyakundi."

"Nyakundi," akarudia. "Sisi nyumbani iko na mpishi, Kamau. Baba yake Kamau, mimi hapana jua jina. Miaka yote hiyo hapana uliza. Haya. Sasa sema mimi, kesho tunatembea ao hapana tembea?"

"Mlikubaliana nami Jumapili. Jumapili tunatembea."

"Basi mimi narudi lala. Sema dereva yeye pia lala, lakini kwa kitanda."

Bibi akaondoka zake, fimbo inagonga vigae. Mlangoni akapishana na Mzee Amour akitokea, kanzu nyeupe pe, simu mbili mkononi. Mbele ya wageni tunamwita sir. Tukiwa wenyewe ni Mzee, ila Dancan akibanwa hurudi kwenye sir.

"Hebu nambieni, yakhe. Basi limelala, wageni wamelala, na mimi nimeamshwa. Kuna nini?"

"Sir, ni misunderstanding ndogo tu," Dancan akasema.

"Si ndogo, Mzee," nikasema. "Wageni hawa leo ni Sabato yao. Hawapandi gari, hawashiki pesa wala simu. Dancan aliwahamisha siku bila kuniuliza, na mimi akaniambia hawaji."

"Lahaula. Dancan, si ulinambia wewe ndiye bingwa wa safari hii?"

"Sir, mimi..."

"Ulikuja ofisini kwangu ukanambia Damaris kakuachia. Ukasema nikufanye mkuu wa matembezi yote ya mji wa kale."

Nikageuka. "Nilikuachia lini?"

Dancan akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Babe, ilikuwa kwa ajili yetu. Harusi ni mwezi wa nne."

Mzee Amour akapunga mkono. "Haya, khalas, yaliyomwagika hayazoleki. Jumapili mtembeze wewe binti, basi jingine nitakodi. Ila mwanangu, nikwambie kweli. Jumamosi ndiyo soko la mji huu. Nimekuvumilia kwa sababu ya ahadi tu."

"Ahadi gani, Mzee?"

"Si mchumba wako kanipa neno? Kasema mkishaoana hayo mambo ya Jumamosi unayaacha. Kasema, 'Akishakuwa mke wangu nitamweka sawa, sir, nipe cheo nami nakupa mtembezaji wa siku zote.' Nikasema inshallah, mume na mke hukubaliana."

Gari zilipita barabarani. Onesmus alikuwa ameshaamka, amejifanya anafuta kioo.

Nilimwambia Dancan polepole, kwa sababu nikipandisha sauti huwa sirudi.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema ili apoe. Ni maneno ya ofisi tu, Dame."

"Uliahidi siku yangu."

"Niliahidi kitu cha mbele. Mtu hubadilika akiolewa. Hata mama yangu..."

"Habari za mama yako mimi simo. Sikiliza. Mzee Amour huyu hapa. Wewe huyu hapa. Mwambie sasa hivi, mbele yangu, kwamba Jumamosi ya Damaris haikuwa yako kuitoa. Maneno hayo tu. Ukiyasema, mimi na wewe bado tuna harusi."

Dancan akamtazama Mzee. Akanitazama mimi. Akalamba midomo.

"Tuyaongee nyumbani, babe. Usiniaibishe mbele ya arbab, bosi wetu."

"Ulipokuwa unaniuza hukuona aibu mbele ya arbab?"

"Nani amekuuza? Mimi nimekusimamia lango jua la mwezi wa saba. Umesahau?"

"Sijasahau. Mimi kusahau sijui. Ndiyo maana nimekupa nafasi ambayo nisingempa mwingine."

Mzee Amour akakohoa, akasema hayo ni mambo ya nyumbani, yeye anakwenda kusali adhuhuri. Kabla hajaondoka nikamzuia.

"Mzee, na mimi nina neno. Uliponiajiri tuliongea ana kwa ana. Nilikwambia Jumamosi sifanyi kazi, ukasema sawa. Hakuna aliyekuja kulibadilisha neno hilo kwa niaba yangu."

"Tutaangalia, binti."

"Hatutaangalia, Mzee. Kama hunitaki nifutie viza Jumatatu. Lakini kesho wageni hao hawatatembea na mtu mwingine, na wewe unajua."

Akacheka chini ya ndevu.

"Bibi we. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Haya, kesho."

Jioni ile simu yangu ilipiga kelele mpaka chaji ikaisha. "Babe nisamehe." "Dame umekasirika bure." "Kumbuka tulikotoka." Nikazisoma zote, sikujibu hata moja.

Jumapili asubuhi tukaanza Al Fahidi, mtaa wa kale. Mama Estelle mbele na fimbo yake, mwanawe mrefu mwenye miwani, mkwe, wajukuu wawili wakubwa wanaotafuna zabibu. Hewa tamu, kivuli cha minara ya upepo kimelala vichochoroni. Nikawasimamisha karibu na ukuta wa matumbawe. Mama Estelle alitaka niongee Kiswahili, yeye awatafsirie wenzake.

"Nitawaambia ukweli kabla hatujaenda mbali. Mkitaka nyumba yenye nyota mlangoni niseme hapa aliishi rabi, sina. Wengine watawatengenezea. Mimi sitengenezi."

Mwanawe akauliza kwa Kiingereza, mama yake akatafsiri akicheka: "Yeye nauliza, sasa sisi natembea kuona nini?"

"Mtaona maji yale ya khor, mkono wa bahari unaoukata mji. Lulu za Ghuba zilikuwa zikipita kwenye mikono mingi, na baadhi ya mikono iliyozinunua ilikuwa ya Wayahudi. Wa Baghdad waliohamia Bombay, na wengine wa Paris. Mtu alipiga mbizi hapa pumzi ikimkatika, deni likimngoja juu. Kidani kikavaliwa Ulaya. Ninyi mna haki ya kumkumbuka aliyenunua. Na mimi nina haki ya kuwakumbusha aliyepiga mbizi. Wapiga mbizi wengi walikuwa watu weusi, wametoka pwani yetu, hawakuja kwa hiari."

Mjukuu mmoja akaacha kutafuna. Mama Estelle akatafsiri yote, hakupunguza neno. Nilimsikiliza kwa makini nione kama atapunguza.

"Na leo? Leo watu ya kwetu iko?" akauliza.

"Wapo. Wanasali kwenye nyumba moja, wana hata jiko lao la kosher, la chakula cha sheria yao. Nyumba hiyo sitaionyesha. Watu hawasali ili wapigwe picha."

"Vizuri," akasema. "Hiyo ndiyo mimi nataka sikia."

Tukashuka hadi kituo cha abra, zile mashua za kuvushia watu, tukavuka khor kwa sarafu, wakaipanda leo bila ubishi wowote. Upande wa Deira, kwenye harufu ya iliki na ndimu kavu, nikamwona Dancan. Amevaa shati jeupe nililomnunulia, maua mkononi, amesimama pale nilipoweka kituo cha kwanza cha upande huo. Njia alikuwa anaijua. Aliisoma mezani kwangu.

"Dame, nipe dakika."

"Niko kazini."

"Nimemaliza kila kitu. Nimeenda kwa Mzee Amour jana usiku. Nimemwambia Jumamosi ni yako, mimi nilikosea. Nimelisema lile neno ulilotaka."

Moyo wangu ulicheza, sitadanganya. Nilimpenda yule mtu. Nikaiona ile fulana ya uaskari, lile jua, ule utani wake wa langoni.

"Umelisema kweli?"

"Haki ya Mungu."

"Basi hapana neno, tumuulize."

"Babe, si lazima..."

Tayari nilikuwa nimepiga, simu iko kwenye sauti ya nje.

"Shikamoo, Mzee Amour. Samahani kukusumbua. Dancan alikuja kwako jana usiku?"

"Marahaba, binti. Alikuja, alikuja."

"Alikwambia nini?"

Dancan akanyoosha mkono kuchukua simu. Mama Estelle, bila haraka, akaweka fimbo yake katikati yetu.

"Kasema nisikusukume sasa," Mzee akajibu. "Kasema umepandwa na hasira za kike, nimpe mpaka baada ya harusi, atakubembeleza utakubali. Nami nikamjibu, kijana, yule hasira zake si za kike, zile ni hasira za mtu mwenye akili. Kwani yeye kakwambia vingine?"

"Vingine kabisa, Mzee. Ahsante."

Nikakata. Muuza viungo mmoja wa Kihindi alikuwa ameacha kupima manjano, anatusikiliza kama vile anaelewa.

"Dame," Dancan akasema. "Nilitaka maisha mazuri tu. Cheo, nyumba, tuwache kuhesabu siku. Jumamosi moja ni nini?"

"Kama ni kitu kidogo, mbona umekihangaikia hivyo kukichukua?"

"Wewe unapenda vita."

"Nilifundishwa pale langoni. Wewe ndiye uliyenipigania siku ile ile unayotaka kuninyang'anya. Sasa sijui nimwombe radhi Dancan yupi, yule wa lango au huyu wa maua. Yule wa lango nilimpenda, mwambie hivyo ukikutana naye."

"Na wazee? Mahari imeshapelekwa. Ng'ombe wako Nyamira."

"Ng'ombe wana miguu."

Nikampigia baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, ambaye ndiye aliyepokea ile mahari. Aliipokea simu haraka, nyuma yake jogoo anawika.

"Moraa, mwanangu. Za Uarabuni?"

"Njema, baba mdogo. Wale ng'ombe wa kina Dancan bado wako kwenye boma?"

"Wapo, wamenona. Kuna nini?"

"Wasichanganywe na wetu. Watu wa Machakos watakuja kuwachukua. Harusi haipo."

Nikasikia akivuta kiti.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mke mwingine?"

"Hapana. Ameniahidi kwa tajiri kwamba akinioa nitafanya kazi Sabato. Nikamwomba arudishe neno, akaniapia amelirudisha, kumbe uongo."

"Hata mimi ninayekunywa chang'aa siku ya Sabato nisingeahidi hivyo," baba mdogo akasema. Kisha akashusha sauti. "Lakini Moraa, yule mwekundu amezaa wiki iliyopita. Ndama jike, mzuri sana. Kwa desturi tunaweza kuzungumza, ndama akabaki."

"Ndama amfuate mama yake, baba mdogo. Sitaki kwetu kubaki hata kwato."

"Ni ndama mzuri sana, nakwambia."

"Baba mdogo."

"Haya. Haya, mwanangu. Ataenda."

Dancan alisikia kila neno. Aliyaweka yale maua juu ya gunia la waridi kavu la yule Mhindi, akaondoka kuelekea kituo cha abra, hakugeuka. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke, sikuyaficha kwa mtu. Mama Estelle alisubiri. Hakunishika bega wala kunipa neno la faraja. Alipoona nimepangusa uso akasema:

"Wewe nataka kaa? Sisi naweza ngoja."

"Sikai, Mama. Nimelipwa kutembea."

"Basi sisi nafuata."

Nikageukia kundi langu, nikanyoosha mkono kuelekea soko la dhahabu.

"Twendeni huku. Na mwenye swali aniulize mimi. Safari hii nimeitengeneza mwenyewe."